Masanduku Kumi na Moja

Kwetu Korogwe alikuwa mjusi, basi.
Wa ukutani tulimwita mjusi kafiri,
na ukiuliza amekufuru nini hupewi jibu,
unapewa kandambili.
Mkubwa kidogo, guruguru. Mkubwa zaidi, kenge.
Maneno matatu yalinitosha utoto mzima.

Sasa ni Januari, Grimsby,
chumba cha nyuma cha marehemu Cyril Ablett
niliyemwogesha miaka miwili na miezi minne.
Bintiye Hazel kasimama mlangoni, haingii.
"Wewe ndiye uliyekaa naye. Ni wepi hawa?
Mnunuzi anakuja kesho, anataka majina."

Masanduku kumi na moja ya kioo. Harufu ya nyenje.
Lebo aliziandika kwa penseli, mvuke umezila:
hapa pamebaki "dume", hapa mwaka peke yake,
hapa mkia wa herufi isiyojulikana.

Naanza na ninachokijua.
Huyu anapepesa. Mjusi kafiri hapepesi,
hulamba mboni kwa ulimi kama afutaye miwani.
Mwenye kope ni mjusi chui,
na kioo hakipandi, vidole vyake havinati.
"Madoa yasikudanganye," Cyril alizoea kuniambia
uji ukimchuruzika kidevuni,
"mtazame jicho, mtazame mkia, kisha mgeuze."
Namgeuza. Kati ya mapaja
vitundu vimejipanga kama paa la nyumba.
Dume. Naandika. Hazel anatazama dirisha.

Wa nne nilimdhani ndugu yao, mkia mnene uleule,
ila jicho ni jeusi tii,
na mstari mweupe umeshuka toka utosini hadi mkiani.
"Huyu ni mwingine kabisa. Asili yake Afrika Magharibi."
"Kama wewe," asema Hazel.
"Mimi ni wa Mashariki."
"Si karibu?"
"Kama hapa na Baghdad."
Anacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi,
kisha anaingia, hatua moja.

La nane na la tisa: jike na dume,
rangi ya malai, macho ya waridi.
(Kwetu kuna neno kwa waliozaliwa hivi.
Silitamki. Nina binamu.)
Cyril aliwaoza mwezi Machi,
weupe kwa weupe, akasubiri watoto weupe
na tayari alikuwa ameshawapangia bei.
Yai likapasuka, akatoka mtoto mwenye mikanda myeusi.
La pili, vilevile.
Nilidhani atalia. Alicheka hadi nikamletea hewa.
"Yule bwana wa Lincoln aliniapia ni ukoo mmoja!
Kumbe weupe huu na weupe ule
havikupitia mlango mmoja.
Alichopungukiwa mama, baba anacho.
Alichopungukiwa baba, mama anacho.
Wametoka kamili, washenzi wadogo!"

Hao wako sanduku la kumi.
"Hawa wa kawaida," asema Hazel. "Si ndiyo?"
Kwa macho, ndiyo; pauni kumi kumi.
Kwa damu, wamebeba weupe wa aina mbili
na hakuna anayeweza kuuona.
Nashika kalamu muda mrefu.
Naandika: *Wa kawaida. Usiamini.*

Limebaki la mwisho, lile lisilo na taa,
karibu na bomba la maji moto.
Kitu chembamba, rangi ya chai iliyopoa,
kimeng'ang'ania kioo kichwa chini.
Hakipepesi. Ulimi unatoka, unafuta jicho la kushoto.
Wa hivi huuzwa pauni tatu, aghalabu kulishia nyoka.
Lebo haijafutika, ni ya Novemba,
herufi zimetetemeka, na "K" imegeuka nyuma:
KAFFIRY.
Sikumbuki ni siku gani nilimfundisha neno hilo.
Pengine usiku, akiwa hana usingizi,
nikimsimulia kandambili.

"Na huyo ni aina gani?" Hazel yuko begani kwangu sasa,
anauliza kwa sauti ya chini.

Nafunika kalamu.
"Huyu," nasema, "ni mjusi."