Nyekundu Haitafuti Kitu

Puerto Montt, saa tisa usiku, mvua haijakoma tangu Jumatatu.
Yasna Oyarzún ameinamia vishimo tisini na sita,
kila kimoja na chembe ya figo la samoni.

Kijani ni ya kirusi: ikipanda, kizimba kizima kitachinjwa.
Njano huthibitisha kwamba jaribio halikulala.
Nyekundu haitafuti kitu.
Haishiki, haikatiki, haiongezeki;
imekaa tu, kama karani wa mizani
asiyenunua wala kuuza,
na bila yeye hujui kama tone limepungua
au povu limekudanganya.

Mashine ya zamani, yenye taa ya halojeni,
iliitaka nyekundu nzito.
Hii waliyoileta Aprili inataka kidogo mno,
na jana, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja,
mkono ukaenda kwenye chupa ileile.
Kijani ikagawanywa kwa wekundu wote ule,
mistari ikalala kifudifudi,
na Yasna nusura aandike: salama.

Leo anasoma lebo mara mbili, kwa sauti.
Simu ya Barrientos wa vizimbani imeita mara nne.
"Ngoja," anaiambia, bila kuipokea.

Duru ya ishirini na tatu.
Nyekundu imenyooka kama uzi wa fundi.
Kijani bado.