Safu ya Nne, Chini ya Tangazo la Sabuni

Tulipomuuliza Bibi habari za mamake, Thirza,
alijibu neno moja: "Alikufa,"
akafunika birika, chai ikaendelea kuiva.
Kombe likafunikwa hivyo, miaka na miaka,
sisi wajukuu tukaramba vijiko.
Maiti hadaiwi maswali.

Leo nina miaka sitini na minane,
fundi bomba mstaafu, magoti yameota kutu,
nimekaa ghorofa ya chini, maktaba ya Adelaide,
nazungusha mkanda wa filamu kwa mkono
na mwaka 1903 unapita mbele yangu kinyumenyume:
ngano, kondoo, mvua iliyogoma,
bei ya shaba ya Moonta imeteleza tena,
mtu kadondosha jino la dhahabu njiani kwenda kanisani,
atakayeliokota atapewa chochote.

Halafu safu ya nne, chini ya tangazo la sabuni,
mistari mitano, herufi kama mayai ya chawa:

Mimi Digory Pascoe, mchimbaji, natangaza
kuwa mke wangu Thirza ameacha kitanda changu na meza yangu
pasipo sababu.
Madeni yake kuanzia leo
yasiletwe mlangoni kwangu.

Pasipo sababu.
Nikauachia mpini wa mashine.
Kumbe hakufa. Alitoka.
Na mume akalipa shilingi mbili na nusu
kuutangazia mji kuwa hatalipa kitu.

Nikarudi nyuma, wiki baada ya wiki, kama mtu
anayefuata bomba ukutani akitafuta linapovuja.
Sababu ilikuwapo tangu Februari,
ukurasa wa pili, habari za mahakama:
D. Pascoe, ulevi na kelele usiku, faini shilingi kumi.
Jirani aliapa kwamba alisikia sahani,
kisha mtoto, kisha hakusikia kitu.
Mtoto huyo, nikihesabu vizuri,
alikuwa na miaka sita, na baadaye alikuwa Bibi yangu.

Nikaazima kitabu kinene cha wasifu,
waungwana wa wilaya, kila mmoja na ndevu zake.
Digory yumo! Mpiga tarumbeta, mhubiri wa Jumapili,
"mkono wake haukujua uvivu."
Hilo silipingi.
"Alioa. Watoto wanne."
Alioa nani, kitabu hakikuwa na nafasi.

Ilikuwa karibu saa ya kufunga,
binti wa maktaba ameanza kuzima taa za upande wa pili,
nilipomkuta kwenye orodha ya wakazi wa Port Pirie, 1908,
kati ya muuza makaa na mpiga picha:
Pascoe, Bi. T., mjane, mshona kofia.

Mjane! Mume yu hai, anapuliza tarumbeta Moonta,
naye kamzika kwa neno moja,
bila jeneza, bila wimbo,
kama binti yake atakavyokuja kumzika yeye.

Nikalipia nakala mbili. Sijui ya pili ni ya nani.

Nje, nikisubiri basi, ndipo nilipoikumbuka
ile kofia nyeusi ya Bibi, ya mazishini tu,
asiyoruhusu mtu kuishika.
Ndani ya bitana palishonwa kitambaa cheupe,
upana wa kidole, uzi mwekundu: T.P.

Tulidhani ni duka.