Kandambili Thelujini

Mlangoni mwa studio yangu, Barton Street, Hamilton,
juu ya dobi wa Kireno anayenukisha sabuni hadi ngazini,
nimebandika karatasi:
HAPA HATUFUTI KOVU. HATUNG'ARISHI NGOZI.
HATUMWONGEZI MTU KIMO.
Wateja husoma, hucheka, kisha huomba.

Bwana harusi mmoja, fundi wa chuma,
alitaka niyang'oe mabomba ya kiwanda nyuma ya mkewe,
moshi uwe wingu, wingu liwe waridi.
Nikamwambia: kaka, moshi ule
ndio uliotoa mahari.
Akalipa nusu, akaondoka na mabomba yake.

Nilikuwa na kiburi, nakiri.
Tunasema kupiga picha, nami nilipiga
kama karani apigaye muhuri:
ndivyo ilivyokuwa, mwenye shaka aende kwa hakimu.
Nilimsahau marehemu baba, Tabora, katika chumba cha giza,
taa nyekundu, vidole vimeliwa na dawa,
akiwaambia watu dirishani, "Njooni Ijumaa, bado naisafisha."
Kusafisha. Hilo ndilo neno letu,
na hakuna aliyeuliza uchafu ulikuwa wa nani.
Kiganja chake kikikinga karatasi kidogo tu,
uso wa mtu ulitoka na mwanga
ambao jua halikumpa.

Februari, Bi Riziki Kashindi akapanda ngazi,
theluji mabegani, simu mkononi.
Harusi ya bintiye Byaombe nilikuwa nimeipiga Jumamosi:
ukoo mbele ya kanisa, watu kumi na tisa,
na kati ya mjomba na shangazi, pengo
la upana wa mabega.
Siku ile nilidhani wamesimama vibaya. Nikasema, sogeeni.
Hawakusogea.

"Nafasi ya Asukulu," akasema. "Kaka wa bibi harusi.
Faili lake liko kambini, mwaka wa saba huu.
Ndiye huyu hapa. Mtie."

Nikamwonyesha karatasi ya mlangoni.
Akaisoma yote, bila haraka,
kama asomaye orodha ya mgawo akitafuta jina.
"Sikuombi umfanye mrefu."

Usiku nikamkata kutoka kwenye vumbi lake, unywele kwa unywele.
Jua la kule lilimsimamia utosini;
la huku hulala ubavu, saa tisa limeshachoka.
Uso ukakataa. Nikauhamishia nuru,
shavu hili, kisha lile, mpaka ukaridhia.
Ndipo nikaona: wenzake wote wana vivuli juu ya theluji,
yeye hana, kama mzimu aliyealikwa.
Nikamchorea kimoja, cha Februari,
kirefu kama foleni ya ubalozi.

Saa nane nikafika miguuni.
Kandambili. Moja ya bluu, moja ya kijani,
vidole wazi katika theluji ya inchi nne.
Nikaazima viatu vya mjomba, nikamvisha.
Vikamkaa.

Asubuhi Bi Riziki akatazama mpaka chai ikapoa.
Akagusa kioo, pale chini.
"Hivi si vyake."
"Mama, kuna baridi."
"Rudisha kandambili.
Anayetupenda ataiona miguu. Atauliza."

Nikazirudisha.
Picha nimeitundika karibu na dirisha, pana:
watu ishirini, na mmoja hatetemeki.
Karatasi ingali mlangoni, pembe moja imebanduka,
sijui niibandike upya au niiache ianguke yenyewe.

Juzi nimemwona yule fundi wa chuma ng'ambo ya barabara,
mtoto begani, macho juu kwenye dirisha langu.
Akipanda ngazi nitamwambia nini?
Nimeanza kulitafuta faili lake.