Baina ya Matairi na Mtindi

Sufuri kwa sufuri. Refa kapuliza,
na sebule yetu ya Maabela ikapumua kwa pamoja
kama chungu kilichofunuliwa.
Hilali kavua kofia, anajipepea nayo.
Wanaume kumi na mmoja juu ya zulia
(timu kamili, niliwahesabu,
na akiba wawili mlangoni wanakula halua).
Fainali ya Ghuba, usiku wa Ijumaa,
na miye kwenye kiti changu kile kile, karibu na soketi,
kwa ajili ya magoti, na simu isiyokaa chaji.

Likaanza tangazo la matairi:
gari linapanda mchanga, halina dereva.
Kisha, kabla ya lile la mtindi,
pakatulia. Kasida bila dufu. Sauti nzito,
Kiarabu cha mimbari, kila herufi imepigwa pasi:
"Kisima kimoja. Tone moja. Pepo ina milango."
Nambari tano chini ya kioo zinametameta
pale pale zilipokuwa dakika za mchezo.

Na mtoto. Miaka saba, minane,
shati la shule lenye kifungo kimoja,
nyuma yake mkarafuu na ukuta wa udongo.
Alipofungua mdomo, Kiarabu kikamfunika:
"Mola awalipe, enyi watu wa kheri,
sasa twanywa, twatawadha, twawaombea."

Lakini hawakumzima vizuri.
Chini yake, kama jirani anayesema
upande wa pili wa ukuta,
nikamsikia kwa lugha yangu,
kwa lafudhi ya Wete isiyojua kubembeleza:
"Na huo mpira mlosema mtaniwachia,
mwaniwachia kweli, au mwenda nao?"

Nikanyanyuka. Magoti yakajisahau.
"Mmesikia?"
"Tumesikia, dada," akasema Hilali,
vidole vishafika kwenye simu.
Riale mbili, tin. Riale mbili, tin.
Zulia zima likalia kama mbuzi wa njuga.
"Thawabu ishaingia," akacheka, "bado bao."

Mundhiri, mjukuu wangu, aliyezaliwa hapa,
ndiye pekee aliyenitazama.
"Bibi, kasema nini yule?"
Kwa Kiarabu. Kiswahili chake
ni kula, njoo, na matusi mawili
aliyofunzwa na marehemu babu yake.
Nikamweleza. Akafikiri.
"Basi anao mpira, au hana?"
Na mtindi ukamwagika kioo kizima, mweupe, wa baridi,
jibu likakosa pa kukaa.

Kipindi cha pili sikukiona sawasawa.
Kila mpira ulipotoka nje
palikuwa na kijana pembeni, ameshika mwingine,
na mwingine nyuma ya goli, na mwingine.
Nikafika saba, nikaacha.
Dakika ya themanini tulifunga, nadhani:
zulia lilipaa, chai ikamwagika,
nikakumbatiwa na mtu ananuka udi na jasho.

Sisemi kisima kibaya. Nimeteka maji miye,
najua mkono wa ndoo unavyokata kiganja.
Nikatuma riale zangu mbili, bismillahi.
Kisha, wageni wameshaondoka,
maganda ya lozi yametapakaa,
nikaandika kwa nambari ile ile, kwa Kiswahili,
polepole, kwa kidole kimoja:
"Yule mtoto wa kisimani. Mpira mlimwachia?"

Tin.
"Shukurani. Sadaka yako imepokelewa."
Kwa Kiarabu, kwa mwandiko wa kupendeza,
na riale mbili nyingine zishakatwa.

Mundhiri kasimama mlangoni na nguo za kulalia.
"Wamejibu?"
"Wamejibu," nikamwambia. "Kalale."