Kikombe cha Mpira

"Umeme umekatika tangu juzi, Kadutu nzima,
unaogopa nini?" Birindwa aliniuliza,
ameegemea mlango, anataka televisheni yake
kabla ya mechi.

Sikumjibu. Nilitia mkono wa kushoto mfukoni,
penye karanga nilizobakiza asubuhi.
Ndivyo alivyonifunza Nsimire, mwenye kovu jeupe
kiganjani, dogo kama punje ya mchele:
mkono mmoja ufanye kazi, mwingine ulale.
Waya kwanza kwenye fremu, ung'ate barabara.
Kisha bisibisi, taratibu,
chini ya kikombe cha mpira
kilichoganda juu ya kioo kama ruba aliyeshiba.

Ta!

Cheche ya samawati, fupi kuliko jina lake.
Birindwa akaruka, kofia ikaangukia nyaya.

"Haya basi, fungua."

Bado.
Nikahesabu hadi mia mbili,
mvua ikipiga mabati, jirani akitwanga sombe.
Taa kuzimika si deni kulipwa.
Kioo kina kinyongo: ukikinyang'anya
hujikusanyia tena, kimyakimya,
kutoka unene wake wenyewe.

Nikarudia.
Ta, hafifu,
kama mtu aliyekwisha kugomba
akakumbuka neno moja zaidi.

Mara ya tatu, hakuna kitu.
Mvua tu, na mchi wa jirani.

Ndipo nilipoutoa mkono mfukoni.
Ulikuwa umelowa jasho,
karanga mbili zimenata kiganjani.
Birindwa alizitazama, hakucheka.
Nikampa moja.