Zizi la Bati

Bríd Ní Ghadhra alifuga kwenye kopo la tumbaku:
kuku na vifaranga wake, peni moja;
nguruwe na wanawe, nusu peni;
samaki wa fedha asiyeliwa na mtu.
Mwaka ule kichwa cha mfalme kilihama,
kinubi kikakalia nafasi yake.
Nchi changa, mifugo midogo.

Sungura ndiye hayupo.
Alimtoa mwenyewe, Galway,
theluji ya arobaini na saba,
kwa chupa ya maziwa,
mtoto anakohoa.

Leo muuzaji anamwekea mwingine kiganjani,
anang'aa, hajalala hata mfuko mmoja.
Pauni nne tu, mama.

Anamgeuza. Anamrudisha.
"Si huyu. Wangu alikuwa na mkwaruzo sikioni."