Kopo la Kukinga

Jumapili, saa nne, uani mwa fleti, Buruburu.
Bi Kasyoka wa langoni ameshasema mara mbili:
tone moja la oili juu ya kabro hizi
na gari litalala nje, nawe nalo.
Nimetandaza katoni tatu za maziwa
na gazeti la Ijumaa, ukurasa wa viwanja vinavyouzwa.

Boneti juu. Subaru ya elfu mbili na nne,
buluu, imebabuka begani,
mkopo wa sacco, miezi thelathini na sita.
Siku niliyoinunua Ombongi alicheka kwa simu: "Umeoa."

Kwa simu hiyohiyo leo ananieleza, polepole,
kama daktari anayemweleza mtoto habari za tumbo:
injini hucheua.
Moshi unaoponyoka kando ya pete za pistoni
hushukia kwenye oili, hupanda na mvuke wake,
na walioiunda, kwa kuona haya kuutema barabarani,
wakautilia paipu urudi mdomoni.
Miaka ishirini inameza mbweu zake.
"Chungulia koo," asema. Nachungulia.
Ukoko. Kama sufuria ya wali wa matanga.

Kopo nililitoa Kirinyaga Road, alumini, jekundu kama pipi,
elfu mbili mia nane baada ya kuvutana.
Nalifungua: ndani tupu.
Mvuke ungeingia huku ukatokea kule
kama mgeni asiyekaribishwa kiti.
Nikapanda orofa ya tatu, nikaiba jikoni
stilwaya mpya ya Nyanchera, nikaisokota, nikaishindilia,
nikafunga wavu juu yake, maana Ombongi aliapa:
unywele mmoja wa chuma ukifika kwenye turbo
usinipigie.
Nyanchera aliniona. Hakusema kitu.
Alikwangua ugali kwa kucha, taratibu, nikitazama.

Kisha mikono, ambayo haikuumbwa kwa nafasi hizi.
Mpira wa zamani umegeuka biskuti, unavunjika.
Klipu inauma kidole.
Bolti ya kumi, ya mwisho, inateleza,
inagonga mara tatu, kila mara chini zaidi,
halafu kimya.
Nusu saa nimelala juu ya viwanja vinavyouzwa.
Anayeitoa ni Lemayian wa namba tisa, miaka saba,
mkono wake unapita penye wangu umekataa.
"Sasa litakimbia zaidi?"
"Hapana."
"Sasa linafanya nini?"
"Linakinga."
Akanitazama, akairudia mpira wake
kama mtu aliyepunjwa.

Sikuwa na neno lingine. Ni neno la mama:
mfereji ukikauka siku ya nne
alisikia mvua kabla ya mabati kuisikia,
akatoka na beseni, na debe, na sufuria ya chai,
kinga hapa, kinga pale, na wewe simama hapo, kinga.
Sikujua wakati ule kama tunakinga maji
au tunajikinga.

Wiki mbili za Julai.
Nafungua kizibo cha chini, nikitarajia weusi.
Inatoka chai ya maziwa, nzito, inanuka petroli.
Moyo ukafa. Gasketi! Nikampigia.
"Ni baridi tu," asema Ombongi, anatafuna kitu.
"Unaenda kazini dakika kumi na mbili, unazima haijapata joto.
Huo ni umande wa Nairobi, umekorogwa na oili. Mwaga."

Nikaitia kwenye chupa ya maziwa lala,
nikampelekea Bi Kasyoka, kwa bawaba za lango linalolia.
Akainua chupa juani. Akaigeuza.
"Hii ina maji. Utaniletea kutu. Leta safi."

Nimesimama kwenye kabro zake zisizo na doa,
chupa mkononi, ya moto bado.
Mtaro huu unaenda mtoni. Pipa lile ni la plastiki.
Mtaa mzima, na sioni pa kumwaga
kikombe kimoja
cha kitu tulichokuwa tukikimeza kila siku.